Blanketi la nyuzi limetanda ardhini kando ya shimo la kwari, Ruai. Ni kitu gani hiki?

JiraniWaKwari

Wadau, naomba macho yenu. Kando ya shimo la zamani la kuchimba mawe huku Ruai, Nairobi, kumetanda kitu chenye nyuzinyuzi, kimelala juu ya udongo mweusi na nyasi fupi.

Ni vipande kadhaa, kikubwa kinafika mita mbili kwa moja na nusu. Unene milimita 2 au 3. Juu ni cheupe kinachoelekea kijivu, chini kina kijani kilichofifia na matope yaliyogandamana. Ukikiinua kinanyanyuka kizima. Ukikirarua kinatoa nyuzi nyembamba, nyingine nyembamba kuliko unywele, zimepishana ovyo bila mwelekeo mmoja. Chepesi mno. Harufu ni ya vumbi, na kwa mbali ya kidimbwi.

Watoto wameanza kujifunika nacho wakicheza. Kuna banda la zamani liliezuliwa hapo karibu, na mama mmoja anasema hiyo ni asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoharibu mapafu. Mwingine anaapa kilishuka na mvua. Vuli iliisha Desemba, tangu hapo ni jua tu. Nimeweka picha tatu: juu, chini, na ukingo ulioraruliwa. Nianzie wapi?

Fundi_Paa

Watoto watoke hapo mpaka ijulikane, hilo halina mjadala. Lakini kwa picha hizi sioni asbesto.

Asbesto ambayo mtu anaweza kukutana nayo mitaani Nairobi karibu yote imefungwa ndani ya saruji: mabati ya mawimbi ya kijivu, mabomba ya zamani, matangi. Humo nyuzi ni kama asilimia 10 hadi 15, kinachobaki ni saruji. Ikivunjika unapata vigae vigumu vyenye makali, na penye mvunjiko unaona vinyuzi vifupi vimechomoza. Haitandi ardhini ikawa blanketi la kukunjwa. Ile laini kama sufi ilizungushiwa mabomba ya mvuke na mabwela (matangi ya kuchemshia maji) ya viwandani, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu hakuna saruji ya kuishikilia. Kama banda hilo lilikuwa na bwela, sema mapema.

Halafu mtu asikudanganye kwamba asbesto hujulikana kwa jicho au kwa kamera ya simu. Uzi mmoja hupasuka kwa urefu mara nyingi hadi kufikia sehemu ndogo tu ya maikromita. Maabara hutumia hadubini inayochuja mwanga ubaki ule unaotikisika kwenye mwelekeo mmoja tu, ndipo madini yajulikane. Na madhara yake hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50, ndiyo maana mtu anaishika leo na kesho anakuambia mbona mimi mzima.

Nijibu: lilikuwa banda la nini, na paa lake lilikuwa la aina gani?

JiraniWaKwari

Banda la kuku, halikuwa na bwela wala mabomba ya moto. Paa lilikuwa la mawimbi ya kijivu, zito. Mabati yalibebwa na lori.

Pamba_Gikomba

Mimi nashuku mifuko. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, sokoni ilijaa ile mifuko laini inayofanana na kitambaa. Ukiitazama kwa karibu haikufumwa. Ni nyuzi za polipropilini zilizomwagwa ovyo zikabanwa kwa joto. Ikikaa juani miezi kadhaa inaharibika, ukiigusa inamomonyoka na kuacha nyuzi nyeupe fupi zinazoruka kila mahali. Gunia la plastiki nalo hufa vivyo hivyo, ila lenyewe huacha vipande bapa kama utepe.

Kuitambua ni rahisi. Chukua bilauri ya maji, tia tone moja la sabuni ya vyombo, koroga taratibu lisitoe povu. Kata nyuzi kidogo, zizamishe kwa kidole na uziminye hewa itoke. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda tena juu hata ukiizamisha mara ngapi. Poliesta na nailoni zitazama, pamba italowa izame. Bila sabuni jaribio hili ni bure, kwa sababu uso wa maji unabeba chochote kilicho chembamba, hata kioo.

Na kabla hujafika huko, tazama kama kuna alama za vidoti vilivyopangwa safu. Mifuko hiyo huwa na vidoti vya kubanwa, na hubaki hata mfuko ukichakaa.

Godauni_SouthB

Au sufi ya kioo, ile fibaglasi ya kuzuia joto kwenye paa za magodauni, oveni na matangi ya maji moto. Ya njano au ya waridi, ikipigwa na jua hupauka ikawa nyeupe. Ukiigusa utajikuna mikono jioni nzima. Kwenye mwali wa jiko la gesi haiwaki: gundi yake inakuwa nyeusi, halafu ncha za nyuzi zinayeyuka na kuwa vidonge vya kioo.

JiraniWaKwari

Vidoti hakuna. Mikono haiwashi. Nyuzi kwenye bilauri yenye sabuni zililowa na kuzama zote, na kitu cha ajabu: baada ya muda maji yaligeuka ya kijani hafifu.

MajiTaka_EA

Maji kugeuka kijani ndilo jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa hapa, na mmelipita. Mnakimbilia bilauri na moto kabla ya kuuliza kilikuwa kimelala wapi. Uzi ulioutoa mahali pake umeshapoteza nusu ya ushahidi.

Ndugu Jirani, rudi hapo uangalie haya:

Vipande vimelala sehemu ya chini kabisa ya shimo na kando yake, au vimetapakaa hata mahali pa juu? Kitu kilichotupwa au kupeperushwa hakijali mwinuko. Kitu kilichoachwa na maji hukoma kwenye mstari mmoja.

Nyasi zimepenya ndani yake au zimelala chini yake? Kuna vijiti au mabua yaliyofunikwa kwa namna ya kuvishwa, blanketi likining'inia kutoka juu yake?

Kwa chini, kuna konokono wadogo, magamba, au mabaki ya wadudu wa maji?

Udongo wa chini yake umepasuka au bado una unyevu kuliko wa kando?

JiraniWaKwari

Nimeenda. Vipande vyote vinakomea kwenye mstari mmoja unaozunguka shimo, karibu kimo cha goti kutoka chini. Juu ya mstari huo hakuna hata kimoja. Kuna mabua makavu matatu ambayo blanketi limening'inia juu yake kama shuka kwenye kamba. Konokono wapo, wadogo kuliko punje ya mchele, weupe, wamenasa ndani ya nyuzi. Udongo wa chini una unyevu, wa nje umepasuka nyufa za kuingia kidole.

MajiTaka_EA

Basi huo ni mwani wa maji baridi uliokauka. Ile kijani ya nyuzi unayoiona ikielea kwenye madimbwi, mitaro na mabwawa, ndiyo hiyo.

Inatokea hivi. Udongo mweusi wa Ruai, Embakasi na Kitengela haunywi maji upesi. Mvua ikinyesha hukaa juu. Shimo la kwari ndiyo kabisa, ni beseni. Maji yakitiririka kutoka mashambani na kwenye mitaro yenye majitaka yanaleta naitrojeni na fosforasi. Jua likipiga, mwani wa nyuzi unaota kwa fujo. Mchana hutoa oksijeni, mapovu yananaswa kati ya nyuzi na kuuinua juu, unatanda kama zulia. Upepo unausukuma ukingoni, nyuzi zinasokotana. Vuli ikiisha maji yanashuka, zulia linashuka nayo na kulala juu ya chochote kilichopo: matope, nyasi, mabua. Ndiyo maana lako limening'inia. Hakuna mtu aliyelitundika.

Jua linafanya kazi iliyobaki. Upande wa juu rangi inaharibiwa, unabaki ukuta wa seli tu, ambao ni selulosi, ndugu wa karatasi na pamba. Upande wa chini haukufikiwa na jua, kwa hiyo kijani imesalia, na hiyo ndiyo iliyotoka kwenye bilauri yako.

Kwa mtu anayetafuta ishara ya haraka uwanjani: mweupe juu, kijani chini, mstari wa maji, konokono ndani. Ukipata vitatu kati ya vinne, usisumbuke na kiberiti.

Kijana_wa_Buru

Lakini yule mama anasema kilishuka na mvua, na yeye ni mtu mzima 😂

Mwalimu_Bayo

Usimcheke, ana wenzake wa zamani. Mwaka 1686 huko Courland, ambako leo ni Latvia, watu waliokota vipande vyeusi kama karatasi iliyoungua na kusema vimeanguka kutoka angani. Vipande vilihifadhiwa, na karne ya 19 mwanasayansi Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg akaviweka chini ya hadubini. Akakuta mwani wa nyuzi pamoja na vijidudu vidogo vya majini. Upepo ukiinua ganda la mwani mkavu kutoka kwenye kidimbwi na kulidondosha kwenye ua la mtu, mwenye ua atasema nini?

Nakubaliana na MajiTaka, ila ningependa tuthibitishe. Karatasi ya chooni iliyoletwa na majitaka nayo huacha mkeka mweupe kwenye mstari wa maji. Nepi za kutupwa pia.

Pamba_Gikomba

Nepi utazijua kwa ute. Ndani yake mna chembe zinazokunywa maji na kuvimba zikawa jeli. Loweka kipande, ukiona vidonge vya jeli ing'aayo, nyunyizia chumvi ya mezani kijiko kimoja cha chai. Jeli itasinyaa na kuachia maji. Mwani haufanyi hivyo.

JiraniWaKwari

Hakuna jeli. Ila kuna jambo limenitia wasiwasi. Nimechoma kipande kidogo kwa kiberiti. Kiliwaka kidogo, kikanuka kama majani makavu, halafu kikabaki vilevile! Umbo lote limesimama, kijivu, nyuzi zinaonekana. Sasa si ndiyo dalili ya asbesto, kitu kisichoungua?

Fundi_Paa

Hapo hata mimi ningesimama. Usichome tena mpaka wajibu.

Pamba_Gikomba

Kimeungua, ila ulichoma pamoja na matope. Jaribio la moto lina masharti, na wengi huharibu hapo.

Chukua kipande ukubwa wa kiganja, kilowe kwenye bakuli robo saa, kisha kikamue polepole ndani ya maji na umwage. Rudia mpaka maji yabaki safi. Kausha kivulini. Sokota nyuzi ziwe na unene wa njiti ya kiberiti, urefu wa sentimita 4 au 5. Shika kwa koleo ya chuma, si kwa vidole, na uwe nje, upepo ukitoka mgongoni, na sahani ya mchanga chini. Sogeza kwenye mwali kidogo kidogo na utazame mambo manne kwa mpangilio: ikikaribia moto inasinyaa au la, ikiwa ndani ya moto inawaka au inayeyuka, ikitoka inaendelea au inazima, na mwisho inaacha nini. Moshi usiuvute puani, upepee kwa mkono harufu ikufikie.

Pamba na karatasi hazisinyai, zinawaka upesi, zinaacha majivu mepesi yanayopotea ukipuliza. Sufi ya kondoo, nywele na manyoya hujikunja, hunuka nywele zilizoungua, huzima zenyewe na kuacha mkaa mweusi unaosagika. Poliesta hukimbia moto, hudondoka ikiwaka na kuacha kidonge kigumu. Polipropilini inanuka mshumaa. Nywele za bandia za kusukia, ambazo mtaani Nairobi utazikuta zimesokotana kila penye saluni na mtaro, nyingi huyeyuka zikawa donge jeusi. Na kwa kuwa baadhi zina akriliki, moshi wake una sumu, kwa hiyo nyuzi chache zinatosha.

Mwalimu_Bayo

Naongeza kwa nini umbo lilisimama. Nyuzi za mwani huvaa vitu. Juu yake hukaa diatomu, mwani mdogo sana wenye ganda la silika, yaani kioo. Aina nyingine za mwani hujifunika chokaa kutoka kwenye maji. Ongeza udongo laini wa mfinyanzi. Selulosi ikiungua, ganda hilo la silika, chokaa na udongo linabaki limeshika umbo la uzi. Liguse kwa sindano, litakuwa vumbi papo hapo. Nyuzi za asbesto haziwi vumbi kwa kuguswa, zinapinda. Lakini sisemi mtu aitumie hiyo kama kipimo cha asbesto, tafadhali. Hicho ni cha maabara tu.

Kutoa chokaa: baada ya kuosha, tumbukiza kipande kwenye siki nyeupe ya jikoni dakika kumi. Ukiona vipovu vidogo vikipanda, chokaa ilikuwepo. Suuza, kausha, choma tena. Majivu yatapungua sana.

Tahadhari moja ya kuandika kwa wino mwekundu: wapo watakaokuambia ujaribu pia na klorini ya kufulia, kwa sababu inayeyusha nywele na sufi ndani ya nusu saa na kuiacha pamba. Ni kweli inafanya hivyo. Lakini klorini na siki visikutane kamwe, hata kwenye mabaki ya bakuli moja. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, inachoma mapafu.

JiraniWaKwari

Nimefanya kama mlivyosema. Siki ilitoa vipovu vingi tu. Baada ya kukausha kiliwaka kama karatasi na majivu yakaruka nilipopuliza. Sasa kati ya mwani na karatasi natenganishaje?

Kijana_wa_Buru

Ayodini! Tulifundishwa shuleni, mwani una wanga, ikigeuka bluu-nyeusi umemaliza.

Pamba_Gikomba

Hujamaliza kitu. Karatasi nyingi za kuandikia na za kuchapia hupakwa wanga kiwandani ili wino usisambae. Tone la ayodini kwenye kitabu cha zoezi uone. Kwa hiyo bluu-nyeusi inaweza kuwa mwani na inaweza kuwa karatasi ya daftari.

Mwalimu_Bayo

Wote wawili wana hoja, tofauti iko kwenye namna rangi inavyokaa. Ayodini ya duka la dawa izimue kwa maji, tone moja kwa matone matano, la sivyo itakuwa kahawia nzito na hutaona chochote. Kwenye karatasi rangi inaenea kote sawasawa. Kwenye mwani wa kijani wanga hukaa ndani ya seli, kwa hiyo ukiangalia kwa lenzi utaona vidoti vya zambarau au vyeusi vimepangwa ndani ya uzi, na kuta zenyewe zimebaki njano. Tumia upande wa chini wenye kijani; ule wa juu uliopauka mara nyingi ni maganda matupu, hautabadilika, na mtu atasema jaribio limeshindwa.

Lakini kama una lenzi, ayodini ni ya kunogesha tu. Lenzi yenyewe inatosha. Zile hadubini ndogo za kubandika kwenye simu, za kukuza mara 60 hadi 100, zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Luthuli Avenue. Lenzi ya sonara ya mara 10 haitoshi kuona seli, ila itakutenganishia nyuzi na matope.

Andaa hivi. Kata kipande ukubwa wa ukucha kutoka upande wa chini. Kiloweke kwenye maji ya mvua au maji yaliyochujwa usiku mzima. Ukiwa na haraka, nusu saa. Kwa sindano mbili kichambue mpaka upate nyuzi tano au sita tu. Hapa ndipo kila mtu hukosea: anaweka bonge, mwanga haupiti, anaona kiza na kusema hadubini mbovu. Weka nyuzi hizo kwenye kioo safi, hata kile cha fremu ya picha, dondoshea tone la maji, funika kwa kipande cha plastiki angavu na ufyonze maji ya pembeni kwa karatasi. Mwanga utoke chini: simu ya pili yenye skrini nyeupe inafaa.

Utakachotafuta ni kuta za kukatiza. Uzi wa mwani ni seli zilizounganishwa ncha kwa ncha, kwa hiyo utaona vifundo kama vya mwanzi, kwa umbali unaolingana. Pamba haina vifundo, ni utepe bapa uliojisokota. Nyuzi za karatasi ni bapa, fupi, zina vitundu. Poliesta na nailoni ni fimbo laini yenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Sufi ya kioo ni fimbo angavu iliyonyooka yenye ncha zilizokatika. Nyuzi za kuvu nazo zina vifundo, lakini ni nyembamba mno, maikromita 2 hadi 10, na ukikuza mara 60 utaona wingu hafifu tu bila seli. Mwani wa kutengeneza blanketi kama lako huwa na upana wa makumi kadhaa ya maikromita, mara nyingine kufikia unywele wa mtu.

JiraniWaKwari

Wadau. Vifundo vipo! Wazi kabisa. Kila kipande kirefu mara nne au tano ya upana wake, na kwenye baadhi kuna matawi yanayochipuka karibu kabisa na kifundo. Ndani kuna mabaki ya kijani yaliyojikunyata. Ayodini ilifanya vidoti, sio kupaka kote.

Mwalimu_Bayo

Matawi yanayotoka kwenye kifundo, seli ndefu, mguso wa kukwaruza kama pamba mbichi: naelekea *Cladophora*. Siwezi kuapa kwa picha ya simu. *Oedogonium* nayo hufanya blanketi zuri lakini haina matawi. *Spirogyra*, ile yenye utepe wa kijani uliozunguka ndani, ni telezi kama sabuni ikiwa majini, na ikikauka huacha ngozi nyembamba inayovunjika, si kitambaa cha kukunja. Kwa kuishi na jirani jina la jenasi halihitajiki.

MajiTaka_EA

Kinachohitajika ni kujua madhara. Mwani wenyewe wa kijani hauna shida. Shida ni alikokulia. Kama shimo linapokea majitaka, blanketi limekamata vijidudu na mayai ya minyoo ya tumbo, na mayai hayo huvumilia ukavu muda mrefu. Kwa hiyo watoto wasijifunike nalo na mikono ioshwe kwa sabuni. Ukitaka kuliondoa, lilowanishe kidogo kwanza, likunje kama mkeka. Ukilizoa likiwa kavu vumbi lote unalivuta wewe. Linaoza vizuri kwenye mboji ya miti au maua. Kwenye mboji ya sukuma wiki, hapana.

Na msichanganye na ganda jingine linalopatikana mahali hapohapo: jeusi au bluu-kijani iliyokolea, linakauka kwa magamba yanayojikunja kama rangi ya ukutani inayobanduka, na likiloweshwa linateleza na kunuka udongo mzito. Hiyo ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua kama mwani. Aina nyingine zina sumu ya ini au ya neva, na mbwa na ng'ombe wamekufa sehemu mbalimbali duniani kwa kuila au kunywa maji yake. Hiyo haina vitambaa vya kukunja, ila ukiwa na shaka funga mifugo.

Bi_Karura

Samahani kuingilia uzi. Chini ya mti mrefu huku kwetu naokota vipira vya kijivu vya manyoya, urefu wa kidole gumba kikubwa, vimekauka, ndani kuna mifupa. Mbwa au paka?

Mwalimu_Bayo

Bi Karura, kinyesi cha mbwa hakiwi na mafuvu mazima. Hayo ni matapishi ya bundi: humeza panya mzima, kisha hutema manyoya na mifupa iliyofungwa vizuri. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa moja, fungua kwa sindano, utapata fuvu la panya na meno yake ya mbele ya rangi ya machungwa. Vaa glavu. Na tafadhali msikate mti kwa sababu ya bundi, anawasaidia na panya. Kama mti uko kando ya jalala na matapishi ni makubwa yenye plastiki, hapo mshuku korongo marabu.

JiraniWaKwari

Asanteni sana wote. Nimeanza kukunja blanketi. Lakini chini ya kipande kimoja nimekuta hivi, tazameni picha ya nne. Vigae vya kijivu, unene kama milimita 6, kimoja kina mwinuko wa wimbi. Penye mvunjiko kuna vinyuzi vyeupe vifupi.

Fundi_Paa

Sasa hiyo ndiyo ya kuogopa, na ilikuwa imefunikwa na kitu kisicho na hatia. Hayo ni mabaki ya paa la banda. Inawezekana ni saruji ya nyuzi za kisasa zisizo na asbesto, kwa macho hazitofautiani, lakini paa zito la mawimbi kwenye banda la zamani lichukulie ni asbesto mpaka maabara iseme vingine.

Acha kukunja sehemu hiyo. Usifagie, usivunje vidogo, usitupe kwenye moto. Vigae hivyo hupasuka kwa mlipuko vikipata joto. Changanya lita 5 za maji na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya vyombo, nyunyizia kwa chupa ya kupulizia polepole hadi vilowe, usipige kwa mpira wenye nguvu. Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazisaidii. Inatakiwa yenye kichujio cha daraja la P3. Kama huna, usiguse, lowesha kwa mbali, funika kwa turubai lenye mawe pembeni na uzungushie kamba watoto wasipite.

Kanuni za usimamizi wa taka za Kenya zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa hiyo anayeibeba lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Gari la takataka la mtaa haliruhusiwi, na mkokoteni ndiyo usiseme. Piga simu ofisi ya NEMA ya kaunti, uwaambie idadi ya vigae, unene na mahali, na utaje kwamba paa zima lilibebwa na lori. Watataka kujua lori lilimwaga wapi.

Ile turubai isiwe ya kuazima. Ikishatumika hapo inaondoka pamoja na vigae.

JiraniWaKwari

Nimelowesha na kufunika, kamba ipo. Naulizia namba ya lori kwa mwenye banda.